Mlango wa Kogo na Jicho Lisilo na Waya

Vijana wa karakana, mliponiaga mwezi uliopita mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nimeyaandika, ila nawaonya mapema: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani. Anayetaka habari za ofisini awaulize watu wa ofisini. Mimi nilikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai upande huu wa Konoin, na kati ya yote niliyofunga, niliyofungua na niliyounguza, kuna kazi moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda. Nitaeleza hiyo zaidi ya nyingine, na asiyependa aweke karatasi chini.

Niliingia karakanani mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka kwetu ziwani na cheti changu ndani ya bahasha. Asubuhi ya kwanza fundi mmoja, kwa kuwa mimi ni mwanamke, alinikabidhi birika. Nikamwuliza kama lina hitilafu ya umeme. Akasema halina, ni la kupikia mafundi chai. Nikalirudisha mezani na kumwambia likiharibika aniite.

Msimamizi wetu, mzee arap Chelule, aliyasikia hayo akiwa amelala chini ya mashine. Saa nne akaniita, akanipa brashi ya kupakia rangi na mota iliyoziba vumbi la chai. Wengine wenu bado mnalidharau vumbi hilo. Ni laini, linapenya kila mahali, na likishika unyevu linakuwa uji. Nilisafisha mota ile mpaka saa kumi. Arap Chelule alinifundisha kunusa waya ulioungua kabla ya kuupima, na kushika ngazi kwa mkono mmoja tu ili mwingine usishawishike kugusa kitu cha pili. Na alinipa agizo moja alilolirudia kila wiki: "Fundi, wewe ukimaliza, hapana sema imeisha. Ngoja mwenye kutumia atumie, na wewe ukiangalia." Nilimsikia. Kumsikia mtu na kumfuata ni mambo mawili, kama mtakavyoona.

Katikati ya miaka hiyo meneja wa shamba kubwa la jirani alileta kutoka ng'ambo sanduku la vitu ambavyo sisi hatukuwa tumeviona. Vilikuwa vihisi mwendo visivyotumia waya: visanduku vyeupe, kila kimoja sawa na kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kioo cha plastiki mbele na mawe mawili madogo ya tochi nyuma. Mtu akipita, kisanduku kinahisi joto la mwili linalosogea, kinatuma ishara ya redio hadi kwenye kipokezi, na kipokezi kinawasha taa au kengele. Siku hizi mnavinunua Kericho pamoja na balbu na kuviongoza kwa simu. Wakati ule kiwanda kiliombwa fundi wa kwenda kuvifunga, na wenzangu wote walimwogopa mbwa wa meneja. Nikaenda mimi.

Nyumba ile ilinifunza tabia za jicho, maana ndivyo tulivyokuja kukiita kile kisanduku. Linamwona vizuri mtu anayelikatiza upande kwa upande, na linamwona vibaya anayelijia uso kwa uso. Aliyetulia halimwoni kabisa. Siku moja meneja aliwaalika wazee wa kanisa kwa chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imeleta giza, mzee mmoja akaomba sala ndefu, wote wakatulia kama inavyopasa, na taa zikazima. Mzee hakukatiza sala. Alisema amina gizani, na taa zikawaka walipoinua vichwa.

Meneja huyo alipohamishwa, aliyemfuata alisema taa zinamwandama kama askari, ziondolewe. Niliomba seti moja, jicho na kipokezi chake, na niliomba kwa barua. Alitia sahihi. Barua hiyo ninayo mpaka leo, maana niliwajua walinzi wa getini: asiye na karatasi kwao ni mwizi.

Sasa ndipo Joel anapoingia. Joel alikuwa karani wa ofisi moja mjini Kericho, mtu mpole wa kanisa, mwenye boma na chai yake karibu na Mogogosiek. Alilala mjini siku za kazi na kurudi kwa mkewe mwisho wa wiki. Jumatatu moja alikuja karakanani akitaka tumchomelee komeo la chuma. Mchomeleaji akamwuliza kama ni la ghala au la zizi. Joel akatazama viatu vyake.

"Ni ya nyumba ya mama," akasema. "Ya kufungia kwa nje."

Mama yake, ambaye boma zima na majirani walimwita Kogo, yaani bibi, alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa amechuma chai kwenye shamba kubwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa kila alipoamka alifikiri ni siku ya kazi. Alitoka peke yake. Wiki iliyotangulia alikuwa amekutwa bondeni, amesimama mtoni maji yakimfika magotini, akingoja lori la wachumaji. Mke wa Joel, Recho, ndiye aliyeshinda naye nyumbani, lakini Recho alikuwa na chai ya kuchuma, na majani yasipofika kwenye banda la kupimia kabla ya lori la kiwanda, yanaharibika. Recho akiwa chaini, Kogo alibaki peke yake.

Niliweka chini chuma cha kulehemu. "Kwani mama ni ng'ombe?" nikamwuliza.

"Madam, si wewe ulimtoa kwa maji," Joel akajibu. "Ni mimi."

Jibu lile lilikuwa la haki. Lakini hasira haikunitoka. Nilimwona mama mzima akigonga mbao kwa ndani, kuni zikiwaka mekoni nyuma yake, na hakuna wa kumfungulia. Nikasema mbele ya mafundi wote kwamba komeo lile halitatoka katika karakana ile mimi nikiwamo. Mchomeleaji akacheka. Arap Chelule hakucheka.

"Wewe iko na njia ingine," akaniuliza, "ama iko na mdomo tu?"

"Niko na njia."

"Basi onyesha yeye."

Joel alinipa wiki mbili.

Boma lake halikuwa na umeme wa nguzo. Lilikuwa na betri ya gari ya kuendeshea televisheni ndogo, ile ambayo hupelekwa sokoni kuchajiwa. Nikaunganisha kipokezi na betri hiyo. Njia yake ya kwanza iliwasha balbu ya gari juu ya kitanda cha Kogo, asijikwae asubuhi ukungu ukiwa mzito. Njia ya pili ilipiga honi ya lori niliyoitundika chini ya paa ikielekea chaini. Honi ilidumu siku moja. Ilipolia mara ya kwanza, ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa alipiga ndoo teke, na Recho akaniambia kwa upole kwamba anataka kumchunga mama mkwe wake, sio kumzika. Nikaiondoa na kuweka kengele kuukuu ya shule, niliyoisuka upya nyaya zake za ndani ili ikubali betri.

Jicho lenyewe nilitaka liangalie kitanda. Recho, aliyeniita kwa jina la mwanangu, akapinga.

"Mama Awino, huyu mama anageuka usiku mzima na anaamka kuchochea moto," akasema. "Kengele ikilia kila saa nitakuwa nakimbia bure. Halafu siku moja nitaacha kukimbia."

Ilikuwa hoja nzuri. Nikalifunga jicho kwenye nguzo ya baraza, nje, likitazama mlango na kizingiti tu, ili kengele isilie ila mtu anapovuka mlango. Nikatoka na kuingia mara kumi na mbili, na kengele ikalia mara kumi na mbili. Nikafunga mkoba wangu wa vifaa. Kogo alikuwa ameketi kando ya moto akinitazama, na mimi sikumwomba hata mara moja apite yeye.

Siku za mwanzo tatizo lilikuwa moja tu. Nilipita pale nikakuta jicho liko wazi nyuma, halina mawe. Recho alikuwa ameyaanika kwenye gunia pamoja na mahindi, kama tunavyofanya sote na mawe ya redio yakianza kuchoka.

"Nimeyapatia jua kidogo," akanieleza.

Nikampa mapya na kumsihi aanike mahindi peke yake. Baada ya hapo kengele ililia vizuri, mara tatu, mara nne kwa siku. Recho alipanda kutoka chaini, akamkuta Kogo uani na shuka lake begani, akamrudisha kwa moto. Nilianza kutembea karakanani kifua mbele. Mchomeleaji aliponiuliza habari za jicho, nilimjibu kwamba mlango hauna chuma na mama yuko nyumbani.

Siku ya tisa Recho alikuja getini kwetu bila viatu. Alikuwa amerudi kutoka chaini saa sita akakuta kitanda kitupu. Kengele haikuwa imelia. Mawe yalikuwa mahali pake. Alikuwa ameshateremka bondeni na kupanda, na mtoni hakukuwa na mtu. Arap Chelule aliniruhusu kwa kichwa tu, nikavua glavu tukaondoka, tukiuliza kila tuliyempita njiani. Sijawahi kuogopa hivyo kazini, hata siku ile waya mkubwa ulipolipuka mbele yangu. Ni mimi niliyemzuia Joel asifunge mlango. Kama mama yule angekufa, angekufa kwa mdomo wangu.

Tulimpata katika shamba kubwa, mwendo wa saa nzima. Nyapara pale alikuwa amehesabu wachumaji wake mara mbili, akawapata wamezidi mmoja. Mwishoni mwa mstari alikuwa Kogo, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi lake kwa kasi iliyowaaibisha wasichana. Kikapu kilikuwa kimefika nusu. Hakutaka kuondoka kabla hakijajaa, na nyapara, ambaye alimjua tangu zamani, akatuomba tungoje. Tukangoja.

Jumamosi nilifika bomani nikamkuta Joel amenitangulia. Komeo alikuwa amechomelewa na fundi wa Kaplong, na kufuli jipya lilikuwa limefungwa kwa gazeti.

"Fundi, asante kwa kujaribu," akasema. "Hiyo jicho yako ni kipofu. Leo nafunga."

"Nipe mpaka jioni."

"Na akipotea kabla ya jioni?"

"Na nyumba ikishika moto akiwa ndani, utaniambia nini mimi?"

Recho alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Akamgeukia mumewe. "Baba Chebet, ukifunga hii mlango, funguo utakaa nayo wewe huko Kericho. Mimi siwezi kupelekea mama chakula kama mtu wa jela."

Joel akaketi kwenye ukingo wa baraza, kufuli likiwa mapajani. Akasema jioni ni jioni.

Nilipita mbele ya jicho, kengele ikalia. Recho akapita, ikalia. Joel mwenyewe akapita, ikalia. Nikafungua kipokezi, nikapima kila kiungo, nikabana kila skrubu. Hakukuwa na kasoro. Ndipo aibu iliponishika. Tangu siku ile tulikuwa tukiulizana sisi kwa sisi Kogo alitokaje, na hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenyewe. Nikaingia ndani, nikainama, nikamsalimu kwa heshima yake.

"Kogo, siku ile ya shamba ulitokaje hapa?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Nilivaa, nikaenda kazi," akasema. "Wewe lakwet, naenda kazi uchi?"

Lakwet ni mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu.

"Nionyeshe ulivyovaa," nikamwomba.

Akainuka. Akaenda kwenye msumari ulio pembeni mwa kitanda, ambako mavazi yake ya kuchumia yalikuwa yametundikwa siku zote mbele ya macho yetu. Kwanza aproni ile nzito ya mpira, ya kuanzia kifuani hadi chini ya magoti, iliyokakamaa kwa utomvu wa miaka na baridi ya ukuta. Kisha koti la plastiki lenye kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Kisha kikapu. Akaificha mikono yake chini ya aproni, jinsi wanavyofanya wote asubuhi kabla vidole havijapata moto. Akatembea polepole mpaka mlangoni, akavuka kizingiti, akalielekea jicho uso kwa uso, akalipita, akaenda zake zizini.

Kengele ilinyamaza.

"Haimwoni," akasema Joel. Haikuwa dharau. Alikuwa ameshangaa kama mimi.

Mgeni angesema mtambo ni mbovu. Haukuwa mbovu. Jicho linatafuta joto linalosogea, na Kogo alikuwa amelifunika karibu joto lake lote kwa mpira na plastiki zilizopoa ukutani, kisha akalijia uso kwa uso. Mbovu nilikuwa mimi. Naishi kati ya wachumaji, nawaona kila asubuhi ya Mungu wakipita wamejifunika hivyo hivyo, halafu nikafunga jicho la kumlinda mchumaji nikalipima kwa blauzi yangu ya kazi. Nilimkumbuka arap Chelule na agizo lake, na nilishukuru kwamba hayupo.

Joel akasimama na kufuli lake. Sikumwomba ruhusa. Nikapanda juu ya kigoda, nikaling'oa jicho kwenye nguzo ya baraza, nikaingia nalo ndani. Nililifunga kwenye ukuta wa ubavuni, kimo cha bega, likikatiza mbele ya ule msumari. Kisha nikabandika tepu nyeusi kwenye kioo chake, upande wa moto na upande wa kitanda, nikaacha mwanya mwembamba wa kuona msumari tu. Hata ageuke kitandani mara ngapi, hata achochee kuni, halitamjali. Lakini hawezi kwenda kazini bila kunyoosha mkono kuchukua aproni, na mkono ule utakuwa bado haujafunikwa. Jicho halikuhitaji kumwona akitoka. Lilihitaji kumwona akijiandaa.

Nikamwambia Recho ateremke chaini kama siku nyingine. Mimi na Joel tukaketi barazani. Safari hii sikupita mimi. Niliketi juu ya mikono yangu nikamngoja mwenyewe.

Kogo alikunywa chai yake, akasinzia, akaamka. Tulimsikia akikohoa, halafu tukasikia kigoda kikisogezwa. Kengele ikalia, ikasikika ndani ya ukungu mpaka chaini. Recho alipanda bila kukimbia, kikapu mgongoni, akaingia. Sikusikia mvutano wowote. Nilipochungulia nilimwona akimfungia mama mkwe wake kamba za aproni.

"Kogo, leo nyapara amesema tuchume hapa karibu," alikuwa akimwambia.

"Hapa majani imekomaa sana," Kogo akalalamika. "Nyinyi mnalala."

Wakatoka pamoja, wakateremka, mmoja nyuma ya mwingine, wakaingia chaini. Joel aliwatazama mpaka zikaonekana kofia mbili tu juu ya majani. Alilia, na sioni haya kusema kwamba na mimi nililia. Hakufunga kitu siku ile. Komeo la Kaplong liliishia kwenye zizi la mbuzi, ambako mbuzi walilifungua baada ya wiki.

Nilisemwa, msidhani sikusemwa. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia Recho kwamba ni aibu kumchumisha chai mama mgonjwa. Recho akamkaribisha aje amzuie mwenyewe, na mzee akaja, na Kogo akampa kikapu. Mkubwa mmoja wa kiwanda aliniuliza kama nalipwa kuwa fundi au kuwa yaya. Nikamjibu kwamba kwa siku zangu za mapumziko mimi ni nitakachotaka. Arap Chelule peke yake hakunisema. Alikuja bomani Jumapili moja baada ya kanisa, akaketi nyumbani kwa Kogo zaidi ya saa nzima, akamwangalia akiinuka, akichukua aproni, kengele ikilia. Kisha akaniambia, "Sasa imeisha." Hakuna cheti nilichopewa kinachofika hapo.

Kengele ile ililia karibu kila asubuhi kwa miaka mitatu. Nilibadilisha mawe mara nyingi na tepu mara moja. Kogo alisahau jina la Joel, kisha la Recho, lakini mikono yake haikusahau chai. Mnaponiambia leo kwamba nyumba za kisasa zinajua mwenyewe anataka nini kabla hajasema, nawauliza mmempima nani, na akiwa amevaa nini. Mnacheka. Chekeni, lakini mkamwone mwenye nyumba.

Asubuhi moja ya ukungu Recho alikuwa chaini tangu mapambazuko, na kengele haikulia. Hakungoja saa yake ya kupanda. Alipanda na kikapu kitupu. Kogo alikuwa kitandani, uso ukutani, mkono chini ya shavu, mwili umeshapoa, na aproni ilikuwa msumarini.

Joel aliletwa kutoka Kericho, na mimi nikaitwa kutoka kiwandani. Alinipokea uani. Hakunisalimu.

"Fundi, niambie ukweli," akasema. "Aliamka akataka msaada, na hiyo kitu haikumwona?"

 Niliingia, nikapita karibu na kitanda, nikanyoosha mkono kwenye aproni. Kengele ikalia kwa nguvu mpaka chaini, na wanawake waliokuwa wameanza kukusanyika wakageuka kutazama.

"Mtambo ni mzima, na moto wake haujachochewa," nikamwambia. "Hakuamka."

Joel akatikisa kichwa, akaushika ule mlango wa mbao kwa kiganja chake. Ulikuwa umerudishwa tu, kama Kogo mwenyewe alivyouacha jana yake alipokwenda kulala.